Kushikilia Vipindi Huku Ukisomea Ualimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanachuo wa ualimu wanaoitwa kushika darasa mwalimu mwenyewe asipokuwapo. Nami niliifanya kazi hiyo kwa miaka miwili nikiwa bado chuoni, kwa hiyo baadhi ya majibu yametokana na makosa yangu. Si lazima usome yote kwa mpangilio. Kama umepigiwa simu leo asubuhi na kipindi kinaanza saa moja ijayo, ruka hadi sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Mwalimu mbadala ni nani hasa?

Ni mtu anayeshika darasa kwa niaba ya mwalimu ambaye hayupo. Pengine mwenyewe anaumwa, yuko likizo ya uzazi, amekwenda semina, au amefiwa. Inaweza kuwa kipindi kimoja, wiki nzima au muhula.

Kuna aina mbili za kazi hii, na uzitofautishe tangu siku ya kwanza. Ya kwanza ni kusimamia: mwalimu ameacha zoezi, wewe unaligawa, unaona kwamba linafanyika kwa utulivu, kisha unakusanya madaftari. Ya pili ni kufundisha: somo linatakiwa lisonge mbele mikononi mwako. Wanachuo wengi hupata taabu kwa sababu shule ilitaka aina moja, wao wakafanya nyingine. Ukifika, muulize anayekupokea waziwazi: "Leo nasimamia au nafundisha?" Swali hilo halimwudhi mtu, na jibu lake hubadilisha siku yako yote.

Hii si sawa na mazoezi ya kufundisha ninayopelekwa na chuo?

Hapana. Kwenye mazoezi ya kufundisha una mwalimu mlezi anayelijua darasa, mkufunzi huja kukukagua, andalio lako la somo husomwa, na baada ya kipindi mnakaa mnajadiliana. Unaposhikilia darasa, mara nyingi wewe ndiye mtu mzima pekee chumbani. Hakuna wa kukuambia kwamba ulisimama mahali pamoja dakika arobaini ukawaziba walioketi upande wa dirisha, au kwamba ulimwita mwanafunzi yuleyule mara sita.

Kwa hiyo usidhani siku hizo zitahesabiwa kwenye mazoezi yako. Kama unatumaini hivyo, mwulize mratibu wa mazoezi chuoni kabla hujaanza, na upate jibu kwa maandishi.

Naruhusiwa kufundisha kabla sijahitimu?

Inategemea sheria ya unakofundisha, na tofauti ni kubwa. Marekani kila jimbo hujiwekea masharti yake, na mengine huruhusu mtu asiye na shahada. Uingereza kuna wasimamizi wa darasa wasio na sifa ya ualimu, ambao kazi yao ni kusimamia zoezi lililoachwa na mwalimu. Kenya, sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya 2012 inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya ualimu.

Ulizia sehemu tatu: mamlaka inayosajili walimu, chuo chako, na shule yenyewe. Vyuo vingine vina kanuni zao kuhusu kazi wakati wa masomo. Nchi nyingi pia hutaka rekodi yako ya polisi ichunguzwe kabla hujaachiwa watoto, na uchunguzi huo huchukua muda, kwa hiyo anza mapema. Shule ikikwambia "njoo tu, karatasi tutashughulikia baadaye," usikubali. Likitokea jambo, usajili unaousomea ndio utakaowekwa hatarini.

Nianze nikiwa mwaka wa ngapi?

Ningekushauri usubiri mpaka uwe umesoma angalau mbinu za kufundisha somo lako, na umewahi kukaa nyuma ya darasa ukamtazama mwalimu mzoefu akifanya kazi. Wapo walioanza mapema zaidi wakafaulu. Lakini anayeanza bila chochote hufundisha jinsi alivyofundishwa yeye akiwa mtoto. Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie alilieleza hilo mwaka 1975: mtu huingia kwenye ualimu akiwa tayari amewatazama walimu kwa maelfu ya saa akiwa kwenye dawati, lakini ameona upande wa mbele tu. Hakuona maandalizi, wala sababu za kuamua hivi badala ya vile. Ukitupwa darasani mapema mno, utakachokuwa nacho ni picha hiyo ya upande mmoja.

Nafasi napataje?

Nenda mwenyewe shuleni, asubuhi, ukiwa na barua ya chuo, nakala ya vyeti, na orodha ya masomo unayoyaweza pamoja na siku ambazo huna vipindi chuoni. Orodha ya siku ndiyo inayokupa kazi. Mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba saa moja kasoro asubuhi atamtafuta yule anayejua kwamba Jumatano yuko huru.

## Kabla hujaingia darasani

Nimeitwa leo. Nifanye nini nikifika?

Fika mapema kuliko ulivyoambiwa, hata kama ni kwa dakika kumi na tano. Dakika hizo ndizo za kuuliza maswali ambayo baadaye hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuyajibu.

Uliza ratiba ya kengele, na orodha ya wanafunzi iko wapi. Uliza mlango wa dharura uko upande gani, na nimtume nani nikihitaji msaada. Uliza kama yupo mtoto mwenye pumu, kifafa, mzio au kisukari, na dawa yake inakaa wapi. Halafu mtafute mwalimu wa darasa la jirani, umsalimie, umwambie wewe ni nani na uko chumba gani.

Huyo wa jirani muulize jambo moja zaidi: "Kuna mwanafunzi ambaye nisimsimamishe mbele ya wenzake?" Nilijifunza kuuliza hivyo kwa gharama ya mtoto. Nilikuwa nashikilia kipindi cha lugha, tukawa tunasoma kifungu kwa zamu, mstari mmoja baada ya mwingine. Zamu ikafika kwa msichana aliyekaa karibu na ukuta. Alisimama, akakishika kitabu kwa mikono miwili, akanyamaza. Nami nikadhani ni aibu. Nikasema, "Haya, tunakusikiliza." Akaendelea kunyamaza, kidole chake kikiwa kimekaa chini ya neno la kwanza. Nyuma wakaanza kucheka. Jioni mwalimu wa jirani aliniambia mtoto yule hakuwa bado anaweza kusoma, na kwamba mwalimu wake alikuwa akimfundisha kando, taratibu, kwa miezi, bila hata siku moja kumwita asome kwa sauti. Nilichobomoa kwa dakika mbili sijui kilichukua muda gani kujengwa tena. Tangu siku ile, nikiwa mgeni, husoma mwenyewe au naomba anayetaka anyooshe mkono.

Nibebe nini?

Saa ya mkono, chaki au kalamu zako za ubao, kalamu za ziada za kuazima, karatasi nyeupe, na daftari lako mwenyewe. Beba pia masomo mawili ya akiba, ambayo yameelezwa kwenye swali linalofuata. Chupa ya maji, kwa sababu koo la asiyezoea hukauka kufikia kipindi cha tatu.

Mwalimu hakuacha kitu chochote. Nifundishe nini?

Hili hutokea sana, na mara nyingi si uzembe. Mtu aliyeamka na homa kali au aliyepokea simu ya msiba usiku hakupata nafasi ya kuandika andalio la somo.

Anza na madaftari ya wanafunzi. Chukua mawili au matatu, tazama tarehe ya mwisho, kichwa cha somo na zoezi la mwisho lililosahihishwa. Kwa dakika mbili utajua darasa liko wapi. Kisha fundisha nyuma, usifundishe mbele. Maana yake, chukua kilichokwisha kufundishwa ukifanyie mazoezi, usianzishe mada mpya ambayo mwenyewe atalazimika kuirudia au kuifumua. Darasa likiwa limemaliza kujumlisha sehemu, wape mfano uliokosewa, kwa mfano nusu jumlisha theluthi iwe mbili kwa tano, waambie watafute kosa liko wapi na waeleze kwa maneno yao kwa nini jibu haliwezi kuwa hilo. Wakikaa na swali hilo vizuri, wataona wenyewe kwamba mbili kwa tano ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Kazi hiyo haihitaji kitabu wala kifaa, na nimeiona ikishika darasa kipindi kizima.

Masomo ya akiba ni ya siku ambayo hata madaftari hayapo. Liwe moja la kusoma na kuandika, jingine la hesabu au kufikiri, yote mawili yawe yanaweza kurahisishwa au kukazwa kulingana na umri. Hadithi fupi ya ukurasa mmoja unayoisoma ukaisimamisha kabla ya mwisho, wanafunzi wakaandika mwisho wao, itakufaa kwa miaka mingi.

Nimepewa somo nisilolisomea. Nikatae?

Kwa kusimamia zoezi, usikatae. Kwa kufundisha mada mpya, sema ukweli kwa aliyekupa: "Hili silijui vya kutosha kulifundisha, lakini naweza kusimamia marudio." Wanafunzi nao waambie ukweli. Ukiwa mtu wa historia umewekwa kwenye fizikia, unaweza kumwomba mwanafunzi aeleze alivyopata jibu, mwenzake akaseme kama anakubali, na wewe ukaandika ubaoni maswali ambayo hayakupata jibu ili mwalimu wao ayakute.

Kuna masomo ambayo lazima ukatae kabisa vitendo vyake: maabara yenye kemikali na moto, karakana yenye mashine, na michezo yenye hatari ya kuvunjika, kama kuruka kwa vifaa au kuogelea. Bila mtu mwenye ujuzi chumbani, somo libadilishwe liwe la nadharia. Hapo usitafute kumpendeza mtu.

## Ndani ya darasa

Dakika tano za kwanza nizipitishe vipi?

Kaa mlangoni wanafunzi wanapoingia, usiwe umeinamia meza. Salimia kila anayepita. Ubaoni kuwe tayari na jina lako, tarehe, na kazi fupi ya kuanzia ambayo kila mmoja anaweza kuifanya bila maelezo. Wakiisha kukaa, watakuta kuna jambo la kufanya, na ule mwanya ambao kelele huzaliwa ndani yake utakuwa umezibwa.

Kisha jitambulishe kwa sentensi tatu, si zaidi: wewe ni nani, mwalimu wao hayupo leo, na leo mtafanya nini. Usieleze anaumwa nini. Na usiseme "mimi ni mwanachuo tu." Neno "tu" linawaambia kwamba kipindi hiki hakina uzito, nao watakuamini. Wakikuuliza kama wewe ni mwalimu kweli, jibu la kweli linatosha: unasomea ualimu, na leo wewe ndiye mwalimu wao.

Majina ndiyo shida kubwa ya mgeni. Chora mpangilio wa viti kwenye karatasi, wape waandike majina yao palipo viti vyao, wapitishiane. Angalia karatasi unapoita. Mtoto akisikia jina lake kwa mtu aliyemwona robo saa iliyopita hukaa tofauti.

Wananiambia "mwalimu wetu huwa anaturuhusu." Nawaamini?

Wakati mwingine wanasema kweli. Jibu linalofaa ni hili: "Inawezekana. Leo tutafanya hivi, na nitamwandikia mwalimu wenu kwamba mmeniambia." Hujamwita mtu mwongo, wala hujakubali. Kwa mambo ya afya na msalani, usibishane. Mruhusu mmoja mmoja, andika jina na saa.

Kelele zimenishinda. Nifanyeje?

Kwanza acha kupaza sauti. Sauti ya mgeni ikipanda, darasa hupanda nayo, na wao ni wengi kuliko wewe. Simama kimya mahali wanapokuona, ngoja, kisha sema kwa sauti ya chini na utoe agizo moja fupi linaloweza kutimizwa sasa hivi: "Fungueni ukurasa wa arobaini na mbili." Tembea kuelekea zinakotoka kelele huku ukiendelea na somo. Kusimama karibu na dawati bila kusema kitu hufanya kazi kuliko hotuba.

Mtafiti Jacob Kounin, katika kazi yake ya 1970, alilinganisha walimu ambao madarasa yao yalitulia na wale ambao yaliwashinda. Alitarajia kuona tofauti katika namna wanavyokemea, lakini haikuwa hapo. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: wale wa kwanza waliona kinachoendelea kila upande, waliweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na hawakukatiza mwendo wa somo ovyo. Kwa mwalimu mbadala hilo ni habari njema, kwa sababu huna historia na wanafunzi hawa wala nguvu ya kuwafuatilia kesho, lakini unaweza kabisa kutembea, kutazama, na kuwa na kazi inayofuata tayari kabla ya hii kwisha.

Ukishindwa kweli, mtume kiranja kwa yule uliyeambiwa asubuhi. Kuomba msaada kipindi cha kwanza ni busara. Kungoja hadi vitu virushwe ndiko kutakakokumbukwa.

Nauliza swali, kimya. Je, hawajui au wananigomea?

Huenda hukuwapa nafasi. Mtafiti Mary Budd Rowe alichunguza jambo hili kwenye madarasa ya sayansi miaka ya 1970 na kukuta kwamba walimu, baada ya kuuliza, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wengi zaidi wakashiriki. Mbele ya darasa geni sekunde tatu huonekana ndefu mno. Zihesabu kimoyomoyo. Kisha waache wajadiliane na jirani kwa dakika moja kabla ya kujibu, kwa sababu kujibu kwa mgeni peke yako kunahitaji ujasiri.

Nimekosea ubaoni na mwanafunzi amenisahihisha.

Mshukuru kwa jina lake, futa, andika sahihi, endelea. Usijitetee kwamba ulikuwa unawapima. Ukigundua kosa baada ya kipindi, rudi darasani kama unaweza; kama huwezi, liandike kwenye taarifa yako (tazama sehemu inayofuata) ili mwenyewe alirekebishe.

Naweza kutoa adhabu?

Adhabu ya viboko usiiguse, hata kama mwalimu mwingine anakuambia ndiyo desturi ya hapo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto, na nchi nyingi zimekwisha kupiga marufuku viboko shuleni kwa sheria. Zaidi ya hayo, wewe hujui mtoto huyu ametoka wapi asubuhi hii. Adhabu ya darasa zima pia iache, kwani waliokuwa wakikusaidia ndio itakaowaumiza zaidi. Hamisha kiti, zungumza naye pembeni, andika kilichotokea, umwachie mwenye darasa aamue lililobaki.

## Baada ya kengele

Niandike nini kwa mwalimu atakaporudi?

Andika siku hiyohiyo, ukurasa mmoja, kwa mkono unaosomeka. Tulifika wapi, nani hakuwapo, zoezi gani limefanyika na madaftari yako wapi, lipi lilionekana gumu. Taja waliosaidia kabla ya waliosumbua. Kwa waliosumbua andika ulichokiona, si hukumu: "aliondoka mara mbili bila ruhusa" humsaidia mwenzako, "ana tabia mbaya" haimsaidii.

Taarifa hii ndiyo itakayofanya uitwe tena, lakini si kwa ajili hiyo tu. Mwalimu aliyekuwa mgonjwa hurudi akiwa na wasiwasi kwamba darasa lake limepotea. Akikuta ukurasa wako juu ya meza, anajua pa kuanzia.

Nisahihishe madaftari?

Sahihisha ulichofundisha na kilicho na jibu moja. Insha weka alama ya kuiona tu, na maksi mwachie mwenyewe, isipokuwa ameagiza vingine.

Kwenye chumba cha walimu nikae vipi?

Salimia wote, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti, sikiliza kuliko kusema. Habari za wanafunzi unazozisikia humo zisitoke nje, wala zisifike kwenye makundi ya simu ya wanachuo wenzako. Picha za darasani usipige.

## Chuo na kazi pamoja

Nishike siku ngapi kwa wiki?

Siku moja, mbili zikizidi. Nasema hivi nikijua kwamba fedha zinahitajika na shule zinabembeleza. UNESCO inakadiria kwamba dunia itahitaji walimu wengine milioni 44 wa msingi na sekondari kufikia 2030, kwa hiyo simu hazitaacha kulia. Lakini upungufu huo hautibiwi na wewe kuacha chuo nusu njia. Weka siku zako maalumu, zijulikane, na jifunze kusema, "Leo nina kipindi chuoni, naweza Jumatano." Wakati wa mitihani na wakati wa mazoezi rasmi ya kufundisha, funga kabisa.

Kuna nini ambacho kazi hii haiwezi kunifundisha?

Hili ndilo swali ningependa kila mwanachuo alitafakari. Kushikilia kutakufundisha kuingia: kusoma chumba kwa haraka, kusema kwa ufupi, kutoogopa nyuso thelathini usizozijua. Ni ujuzi wa kweli na wenzako wasioupata wataonekana wageni siku yao ya kwanza.

Lakini hutafundishwa kubaki. Hutaona mtoto aliyeshindwa mwezi wa kwanza akafaulu mwezi wa nne kwa sababu ulibadilisha njia. Hutaandaa azimio la kazi la muhula ukaona lilipokwama. Hutamtungia mtu mtihani kisha ukatambua kwamba kilichofeli ni ufundishaji wako. Yule mwalimu aliyekuwa akimfundisha msichana wangu kusoma kando kando alikuwa anafanya ualimu ambao mimi, kwa ustadi wote wa kuingia na kutuliza darasa, sikuwa hata nauona. Mwanachuo anayeshikilia sana huanza kudhani darasa tulivu ni darasa linalojifunza. Likiisha kuingia kichwani, wazo hilo halitoki upesi.

Dawa yake ni kuomba shule moja ikupe darasa lilelile mara kwa mara badala ya kukuzungusha, na kutumia daftari lililoelezwa hapa chini.

Daftari la nini?

Kila siku ya kushikilia, kabla hujalala, andika mambo matatu: wakati mmoja ambapo wanafunzi walielewa na ulijuaje, wakati mmoja ambapo uliwapoteza, na swali moja la kumpelekea mkufunzi. Mistari kumi yatosha. Mimi niligundua kwa daftari hilo kwamba kila kipindi changu kilipooza baada ya dakika ya ishirini, mahali pale pale, kwa sababu maelezo yangu yalikuwa marefu. Hakuna aliyekuwapo wa kuniambia.

Chuoni tunafundishwa hivi, walimu shuleni wananiambia "hayo ni ya vitabuni." Nimsikilize nani?

Muulize yule wa shuleni anafanyaje yeye, na kwa nini. Mara nyingi utakuta anafanya kilekile ulichosoma kwa jina jingine, kwa sababu amekifikia kwa miaka. Mara nyingine utakuta mazoea ya kuchoka. Mkufunzi naye mpelekee hali halisi: wanafunzi sitini, vitabu ishirini, dakika arobaini, nifanyeje? Mkufunzi mzuri hulipenda swali hilo.

Malipo yakoje?

Hutofautiana mno, na shule zingine hulipa kwa siku, zingine kwa kipindi. Jua kabla: kiasi gani, lini, na kama kipindi kikifutwa ukiwa umekwisha kufika unalipwa. Weka kumbukumbu zako za tarehe na saa zilizosainiwa na mtu wa ofisini. "Kujitolea ili upate uzoefu" kuwe na mwisho unaojulikana.

## Hali zisizo za kawaida

Nilishikilia wiki moja, sasa wananiambia nimalize muhula.

Hapo hiyo si kazi ileile tena. Utatunga mitihani, utakutana na wazazi, utaandika ripoti. Omba barua ya kazi, mwalimu wa somo hilo atakayepitia maandalio yako kila wiki, na ratiba isiyogongana na chuo. Mweleze pia mratibu wa chuo. Vitu hivyo vikikosekana, kataa kwa heshima.

Mwanafunzi ameniambia siri ya kutisha kuhusu nyumbani kwao.

Watoto wakati mwingine humwambia mgeni kwa sababu ni mgeni. Sikiliza bila kushtuka, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia, na nitamwambia mtu anayeweza kusaidia." Andika maneno yake kama alivyosema, kisha siku hiyohiyo mpelekee mwalimu mkuu au anayeshughulikia ulinzi wa watoto hapo shuleni. Usirudi nyumbani nalo.

Nimegundua mwalimu mwenyewe alifundisha kosa.

Usimfute mbele ya watoto wake. Hakikisha kwanza kwenye kitabu, kwa sababu huenda ni njia usiyoijua. Ukiwa na hakika, mwandikie yeye peke yake, kwa njia ya swali: "Nimekuta hivi kwenye madaftari, nikashindwa kuendelea nalo, naomba uliangalie." Kama kosa linahusu usalama, kwa mfano namna ya kuchanganya asidi na maji, lisahihishe papo hapo na umjulishe.

Nimeitwa kushika darasa ambalo mwalimu wake amefariki.

Uliza kwanza watoto wameambiwa nini, na nani. Usiwe wewe wa kuwapa habari. Omba mtu mzima wanayemjua aingie nawe, hata kwa nusu saa.

Kiti na meza yake usivitumie siku za mwanzo, na usifute alichoacha ubaoni kabla hujawauliza. Niliwahi kuingia kwenye darasa la namna hiyo. Kwenye kona ya ubao kulikuwa na tarehe na mstari mmoja wa kazi ya nyumbani, kwa mwandiko wake. Nikawauliza tuufanyeje. Kiranja akasema wanaomba wanakili kwanza. Wakafungua madaftari, wakanakili ule mstari, wengine wakaufanyia kazi ileile aliyoiagiza. Tulikaa hivyo hadi kengele. Siku iliyofuata nilipofika, walikuwa wameufuta wenyewe na kuandika tarehe mpya.